Kusoma Dini Ukubwani Ughaibuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na Waislamu wazungumzao Kiswahili wanaoishi Uingereza, Marekani, Kanada na Skandinavia, wanapotaka kuanza kusoma dini ukubwani au kurudia walichokiacha. Wengi walipita chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani, utotoni, Mombasa, Tanga, Unguja au Barawa, wakakatiza. Wengine wamesilimu huko huko waliko. Majibu ya fiqhi, yaani hukumu za ibada na maisha, yanafuata madhehebu ya Shafi, ndiyo ya wengi wa watu wa pwani yetu. Pale madhehebu mengine yanaposema tofauti kwa jambo linalomgusa msomaji, tumelitaja.

## Kuanza

Nina miaka 45. Si nimeshachelewa?

Hujachelewa. Maswahaba wengi waliipokea dini wakiwa na wake, watoto na biashara. Imam Bukhari, katika Kitabu cha Elimu cha Sahihi yake, alinukuu kauli ya Umar bin Khattab kwamba watu wajifunze dini kabla ya kufanywa viongozi, kisha akaongeza mwenyewe: na baada ya kufanywa viongozi pia, kwani Maswahaba wa Mtume (s.a.w.) walisoma wakiwa watu wazima. Katika madhehebu yetu ya Shafi yuko al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Alikuwa fundi wa makufuli, akaanza kutafuta elimu akikaribia miaka 30, na leo rai zake zinanukuliwa katika vitabu vikubwa vya fiqhi.

Kinachobadilika kwa umri ni ulimi. Mtoto anaiga matamshi kwa kusikia tu. Mtu mzima inabidi aonyeshwe herufi inatokea wapi kooni au mdomoni, na arudie mara nyingi. Lakini kwenye fiqhi mtu mzima humpita mtoto mbali, kwa sababu deni, ndoa, ugonjwa na msiba ameshayaona kwa macho yake. Mlango wa mirathi haumchoshi mtu aliyewahi kukaa kikao cha kugawa nyumba ya baba.

Nianze na nini?

Anza na faradhi aini, yaani yale ambayo wewe binafsi hutasamehewa kutoyajua. Nguzo za imani kwa ufupi. Tohara, udhu na josho la janaba. Swala na yanayoibatilisha. Fatiha iliyosahihishwa na mwalimu. Kisha funga. Kisha zaka, ikiwa una mali iliyofika kiwango na kupitiwa na mwaka. Baada ya hapo, hukumu za kazi na maisha unayoyaishi: dereva wa teksi, muuguzi na mwenye duka hawahitaji milango ile ile kwanza.

Kitabu kinachofaa zaidi kwa mwanzo ni Safina, matini ndogo ya Sheikh Salim bin Sumayr wa Hadhramaut, aliyefariki Batavia katika karne ya 19. Ndicho walichoanzia wazee wetu katika darsa za misikitini, na anayesoma mara moja kwa wiki bila kukatiza anaweza kukimaliza kwa miezi michache. Ukishakimaliza, panda kwenye Abu Shujaa, matini kubwa kidogo ya fiqhi ya Shafi. Kwa hadithi, Arbaini ya Imam Nawawi inatosha kwa mwaka mzima: ina hadithi 42, na kila moja ni mlango.

Ushauri wetu hapa tunausisitiza kuliko wowote: kitabu kimoja, mwalimu mmoja, mpaka mwisho. Tunaowaona wamesimama imara baada ya miaka michache ni wale waliomaliza kitabu kidogo. Walioanza vitabu sita bado wako ukurasa wa kumi wa kila kimoja.

Nasikiliza mawaidha kila siku nikiwa njiani kwenda kazini. Hayatoshi?

Mawaidha yanalainisha moyo na kukumbusha, nayo ni kheri. Ila hayafundishi kwa mpango na hayamsahihishi msikilizaji. Unaweza kusikiliza mihadhara ya YouTube miaka mitano juu ya utamu wa swala, na muda wote huo kisigino chako hakipati maji wakati wa udhu, kwa kuwa hakuna aliyekuona ukitawadha. Darsa ina mambo matatu ambayo mawaidha hayana: mfuatano, kuulizwa, na kusahihishwa. Endelea kusikiliza, na utenge saa moja ya wiki kwa darsa.

Ni lazima nijue Kiarabu?

Kwa faradhi zako, unahitaji kutamka Kiarabu kinachosomwa ndani ya swala, si zaidi. Kufahamu dini kwa Kiswahili hakuna upungufu wowote. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki 1947, aliandika kwa Kiswahili makusudi ili watu wa kawaida waielewe dini yao. Tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy ilitoka kamili mwaka 1969 na bado iko majumbani kwetu. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani naye akatoa yake miaka ya 1990.

Ukitaka Kiarabu chenyewe, kianze baada ya kumaliza kitabu cha kwanza cha fiqhi. Wengi huanza na nahau, wakachoka, wakaacha vyote viwili.

## Qur'ani

Nilifika Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, utotoni, sasa nimesahau. Nirudi kwenye alifu?

Msomee mwalimu Fatiha na sura mbili fupi, na yeye ndiye aamue. Mara nyingi herufi bado unazitambua, ila irabu, shadda (kukaza herufi) na madda (kuvuta sauti) zimelegea. Hapo wiki chache za kurudia zinatosha kabla ya kuendelea.

Fatiha ndiyo isiyosubiri. Kwa Shafi ina shadda 14 na Bismillahi ni aya yake ya kwanza, na kuacha shadda moja ni sawa na kuacha herufi. Makosa tunayoyasikia zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili ni haya: haa ya «alhamdu» kusomwa kama ha ya «haya», ayn ya «alaamin» na «naabudu» kugeuzwa a tupu, shadda ya «iyyaka» kuachwa, swadi ya «swirat» kuwa sini, na dhwadi ya «maghdhub» na «dhwallin» kuchanganywa na dhali. Kosa kubwa kuliko yote ni kusoma «an'amtu» badala ya «an'amta», kwani hapo msomaji anajipa yeye neema anayoisifu kwa Mwenyezi Mungu, na akiifanya makusudi huku anajua swala yake inabatilika.

Naona haya kusoma mbele ya watu.

Mtume (s.a.w.) amesema kwamba anayesoma Qur'ani kwa kubabaika na kwa taabu ana ujira mara mbili, na hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Haya hiyo inaeleweka. Wengi wetu tulisoma chini ya bakora, na mtu mwenye wajukuu bado anatetemeka akiitwa «soma wewe».

Omba dakika kumi za peke yako na mwalimu, hata kwa simu bila picha, kwa miezi miwili ya mwanzo. Kisha jiunge na wenzako. Mwalimu anayemfedhehesha mtu mzima mbele ya darasa, mwache kwa adabu na utafute mwingine; elimu aliyo nayo haitakufikia.

Naweza kusoma kwa herufi za Kilatini?

Kwa kuhifadhi Fatiha wiki za mwanzo, ukiwa unasikiliza na mwalimu anakusahihisha, hakuna ubaya. Usizifanye njia ya kudumu, kwa sababu haziwezi kutenganisha haa mbili wala sini na swadi. Herufi za Kiarabu ni 28, na mtu mzima anayekaa nazo robo saa kila siku huanza kuunganisha maneno ndani ya wiki chache. Wazee wetu wa pwani waliandika barua, hati za mashamba na tenzi za Kiswahili kwa herufi hizi hizi. Ni zetu tangu zamani.

Nikiwa katika hedhi, nisihudhurie darsa ya Qur'ani?

Hudhuria. Kwa Shafi, mwenye hedhi hasomi Qur'ani kwa nia ya kisomo wala hagusi msahafu, lakini anasikiliza, anafuatilia kwa macho na moyo, na anasoma nyiradi. Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Maliki, wanamruhusu mwenye hedhi kusoma, na wanamruhusu mwanafunzi na mwalimu kushika msahafu kwa haja ya kufundishana. Wanazuoni wengi wa leo hawaihesabu simu kuwa ni msahafu. Walimu wanawake wengi huitumia wiki hiyo kufundisha kanuni za tajwidi (usomaji sahihi wa Qur'ani) kwa maelezo, na wanafunzi hawabaki nyuma.

## Mwalimu

Nitamjuaje mwalimu wa kweli?

Muhammad bin Sirin, katika utangulizi wa Sahih Muslim, anasema elimu hii ni dini, basi angalieni mnaichukua dini yenu kwa nani. Kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu. Uliza alisoma kwa nani, vitabu gani alivimaliza, na nani anamjua. Mwalimu mzuri hujibu bila kukasirika. Anayetaja «sanad» (mnyororo wa walimu) na «ijaza» (idhini ya kufundisha) kila baada ya sentensi lakini hamtaji mwalimu wake hata mmoja, kaa naye mbali.

Alama nyingine mbili: anasema «sijui» mara kwa mara, na haanzi darasa la wanaojifunza udhu kwa kuwatukana masheikh wa upande mwingine. Darasa la watu wazima huvunjika kwa hilo la pili haraka kuliko kwa ukosefu wa pesa.

Msikiti wa karibu ni wa Wahindi na Wapakistani, nao wanafuata madhehebu ya Hanafi. Nisome hapo?

Qur'ani, soma bila wasiwasi wowote. Misikiti mingi ya Uingereza ni ya hivyo, na ina walimu wazuri wa tajwidi. Kuswali nyuma ya imamu wao ni sahihi.

Kwa fiqhi, chagua madhehebu moja uyasome mpaka uyajue, yawe ya kwako au yao. Kuchanganya kabla ya kujua kunamtia mtu wasiwasi. Kwa Shafi, kugusana ngozi na mkeo kunatengua udhu. Kwa Hanafi hakutengui. Damu inayotiririka inatengua kwa Hanafi, haitengui kwa Shafi. Sisi tunasoma Fatiha nyuma ya imamu, wao hawasomi. Alasiri yao huingia baadaye, na London wakati wa kiangazi tofauti inapita saa moja. Hayo yote yana dalili zake na hakuna anayepaswa kugombana msikitini kwa ajili yake.

Nimlipe mwalimu? Si elimu ya dini ni ya bure?

Mlipe. Bukhari amepokea kwamba kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Shafi na Maliki wanajuzisha ujira wa kufundisha Qur'ani, na Wahanafi wa baadaye wakajuzisha pia. Maalim aliyeko Lamu au Pemba ana kodi, ada za watoto na bando la intaneti la kununua. Kubalianeni kiasi mapema, na kitumwe bila yeye kuomba. Asiye na uwezo aseme, kwani walimu wengi humsomesha bure.

Mwanamke anaweza kusoma kwa mwalimu mwanamume?

Ndiyo, katika darasa la wengi na kwa adabu za kisharia. Kwa kusahihisha kisomo mmoja mmoja, mwalimu mwanamke anapatikana kwa urahisi zaidi siku hizi kwa mtandao, na wengi huona raha zaidi kwake.

## Ratiba, saa na mtandao

Nafanya kazi za zamu katika nyumba ya wazee. Kila wiki saa zangu zinabadilika.

Usijiunge na darasa la siku moja isiyobadilika. Utakosa mara tatu, utaona haya kurudi, na utaacha. Tafuta mwenzako mmoja wa kudurusu naye, mkubaliane mara mbili kwa wiki kufuatana na zamu zenu, na mwalimu apokee kisomo chenu kwa sauti za WhatsApp. Robo saa baada ya Alfajiri ukitoka zamu ya usiku ina manufaa kuliko saa tatu za Jumapili zisizofika.

Ratiba hii inamfaa pia mama mwenye watoto wadogo. Kwake tunaongeza jambo moja kwa mume: saa ya darsa ya mkeo, watoto ni wako.

Mwalimu wangu yuko Unguja. Mbona kila mara tunapishana?

Sababu ni mbili. Kwanza, Afrika Mashariki haibadilishi saa, nyinyi mnabadilisha. Darsa ya saa mbili usiku Unguja ni saa kumi na moja jioni London wakati wa baridi, na saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi. Minneapolis ni saa tano asubuhi wakati wa baridi na saa sita mchana kiangazi; Toronto ni saa sita, kisha saa saba mchana. Marekani na Kanada huisogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo darasa lenye watu wa pande zote mbili huvurugika wiki mbili au tatu hapo katikati.

Pili, maalim akisema «saa mbili» anahesabu saa ya Kiswahili, na kijana aliyezaliwa Leicester anaelewa nyingine. Andikeni kwenye kundi: «saa 2 usiku, Unguja». Ifuatwe saa ya mwalimu daima, wanafunzi wajirekebishe.

## Mambo yanayowahusu walioko ughaibuni

Kiangazi hapa Isha haiingii. Niswali saa ngapi?

Alama ya Isha ni kutoweka kwa wekundu wa magharibi, na wengi hupanga ratiba kwa kuhesabu jua likishuka nyuzi kadhaa chini ya upeo, mara nyingi 18. London, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, jua halifiki huko kabisa. Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua lenyewe halizami karibu miezi miwili. Msingi wanaoutumia wanazuoni ni hadithi ya Dajali katika Sahih Muslim: Maswahaba waliuliza juu ya siku iliyo kama mwaka, wakaambiwa waikadirie.

Kukadiria kuna njia kadhaa: kufuata mji wa karibu wenye alama kamili, kugawa usiku mafungu saba, au kugawa nusu kwa nusu. Kila msikiti umechagua njia yake. Shika ratiba ya msikiti mmoja mwaka mzima, Ramadhani ikiwamo. Anayefunga kwa ratiba ya msikiti huu na kufuturu kwa ule, kwa kuchagua iliyo nyepesi, hana hoja.

Kwa nini darasa la msingi linafundisha ndoa na wasia?

Kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanaumia. England, ndoa iliyofungwa kwa nikaha peke yake, bila kusajiliwa, haitambuliwi kuwa ndoa mbele ya sheria. Mahakama ya Rufaa ilithibitisha hilo mwaka 2020. Mke akiachwa baada ya miaka ishirini anaweza kukuta hana haki ya kudai chochote kama mke wa ndoa. Sajilini. Nikaha na usajili havigombani.

Wasia ni hivyo hivyo. Ukifa bila wasia ulioandikwa na kushuhudiwa kwa sheria ya nchi, mali itagawiwa kwa kanuni za serikali: huenda mama yako aliyeko Tanga asipate chochote. Andika wasia unaotaka mali igawiwe kwa mafungu ya Kiislamu, kwa msaada wa wakili.

Na mkopo wa nyumba wenye riba?

Wanazuoni wametofautiana. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, mwaka 1999, liliruhusu kwa masharti kwa anayehitaji nyumba ya kuishi asiyepata njia nyingine. Wengi wengine, wakiwamo baadhi ya wanazuoni wa Marekani, wamekataa. Darasani tunafundisha riba ni nini, ili mtu anapokwenda kwa mufti ajue anauliza nini. Fatwa ya nyumba yako ipate kwa mwanachuoni anayezijua hesabu zako.

Nimemaliza msingi na nataka cheti cha chuo.

Uingereza kuna Cambridge Muslim College, kilichoanzishwa 2009, na taasisi ya Markfield huko Leicestershire. California kuna Zaytuna College, iliyopata ithibati mwaka 2015. Vyote vinafundisha kwa Kiingereza. Ukitaka ukae na masheikh, Lamu na Unguja bado wana darsa za misikitini wanazohudhuria watu wazima. Likizo ya wiki sita huko, ukiwa umejitayarisha, itakufikisha mbali.

## Hali za pekee

Nimesilimu wiki iliyopita na Fatiha sijui. Swala yangu inakubalika?

Swali sasa hivi, usisubiri. Mtu mmoja alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba hawezi kuhifadhi chochote katika Qur'ani, akafundishwa aseme Subhanallah, Alhamdulillah, La ilaha illallah, Allahu akbar, na La haula wala quwwata illa billah. Hadithi hiyo iko kwa Abu Daud. Soma hizo ukisimama, huku ukijifunza Fatiha aya moja moja.

Sikuswali miaka mingi. Nifanye nini?

Madhehebu yote manne yanasema zilipwe. Wako waliosema, kama Ibn Taymiyya, kwamba aliyeacha makusudi atubu na akithirishe sunna, kwani kulipa hakumfai. Ukifuata walio wengi, kadiria miaka kwa dhana yako kubwa, kisha kila ukiswali faradhi ongeza moja ya kulipa: Adhuhuri na Adhuhuri yake. Andika kwenye daftari. Wala usiache darsa kwa sababu ya deni hilo. Watu wengi waliomo darasani wanalipa kimya kimya.

Nimesilimu na wazazi wangu hawajui. Naishi nao.

Usalama wako kwanza. Soma kwa spika za masikioni, uweke vitabu kwenye simu yenye namba ya siri, na umwambie mwalimu asipige simu bila kukujulisha. Swala, jitahidi wakati wake. Ukizidiwa, muulize mwanachuoni kuhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, ipo hadithi ya Ibn Abbas katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikusanya akiwa Madina bila khofu wala mvua, ingawa Shafi hawaifanyi kuwa ruhusa ya kila siku. Wazazi wako waendelee kupata huduma na adabu yako yote.

Mama amepata kiharusi na ulimi haumtii, naye anataka kukhitimu Qur'ani.

Asome anavyoweza. Herufi isiyotoka kwa maradhi haimdhuru katika swala wala kisomo, na halipi. Asiyeweza kutamka kabisa anapitisha moyoni, na swala anaswali kwa ishara ya kichwa au macho maadamu akili ipo. Mwekee kisomo cha polepole, kurasa mbili kwa siku, afuate kwa kidole. Msahafu wa Madina una kurasa 604, kwa hiyo atamaliza ndani ya mwaka. Mjulishe pia mtaalamu wa matamshi hospitalini kwamba mgonjwa wake anapenda kusoma, kwani anaweza kuzitumia sura anazozijua katika mazoezi yake.